Maji ya Chumvi, Maji Baridi na Ute wa Dumu

Kabla hujaendelea kusoma, chukua dumu moja tupu kati ya yale mnayochotea maji nyumbani. Ingiza kidole kwenye mdomo wake, upapase upande wa ndani. Kama pamekauka na panakwaruza, mpongeze anayeosha vyombo nyumbani kwako. Kama panateleza kama mgongo wa kambare, basi mwezi huu tunazungumza nawe.

Kwa miaka mingi akina mama wamefundishwa kliniki kuchemsha maji ya kunywa, na wengi wanafanya hivyo ingawa mkaa ni ghali. Lakini chombo kinachopokea maji hayo hakisemwi sana. Mama anachemsha sufuria nzima jioni, anafunika, anaacha yapoe. Asubuhi anayamimina kwenye dumu ambalo halijasuguliwa ndani tangu Krismasi. Mkaa umekwenda bure. Maji yale yalikuwa salama ndani ya sufuria. Yakishapita kwenye ute wa dumu ni maji mengine.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2004 watafiti Wright, Gundry na Conroy walichapisha uchambuzi wa tafiti 57 kutoka nchi mbalimbali zinazoendelea, wakilinganisha maji kwenye chanzo na maji yale yale yakiwa nyumbani. Karibu nusu ya tafiti hizo zilionyesha kwamba maji yalichafuka baada ya kuchotwa. Na hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 2010, Amy Pickering na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika nyumba zisizo na bomba ndani. Walipima maji yaliyohifadhiwa, na pia maji yaliyosuuza viganja vya mama na mtoto. Palipokuwa na vijidudu vingi vya kinyesi mikononi, na maji ya kunywa ya nyumba ile yalikuwa navyo zaidi.

Maji mawili katika nyumba moja

Tunaoishi pembezoni mwa jiji tunajua kwa nini kila korido ina safu ya madumu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukipungua, koki zinakoroma hewa tupu. Oktoba 2022 DAWASA ilitangaza mgawo kwa sababu hiyo, na watu wakanunua mapipa kama wanaonunua mikate. Kabla ya hapo ukame wa 1997 ulikuwa umewafanya wengi wageukie visima virefu, na visima vimeendelea kuchimbwa mpaka leo.

Maji ya visima vingi vya upande wetu wa pwani yana chumvi. Kwa hiyo nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju zina maji ya aina mbili. Yapo maji ya chumvi ya kufulia, kudekia na kuogea. Na yapo maji baridi ya bomba, ya boza au ya mkokoteni, ya kunywa na kupikia. Yanakaa bega kwa bega. Siku maji baridi yakichelewa, dumu lake linaazimwa kubebea ya chumvi. Siku bomba likitoka ghafla usiku wa manane, kila chombo kilicho karibu kinakingwa, hata kile cha kudekia. Hapo ndipo mambo yanapochanganyika, na watoto hawajui tena lipi ni lipi.

Ushauri wetu wa kwanza ni rahisi: weka alama. Funga kitambaa chekundu kwenye mpini wa madumu ya chumvi, au andika kwa rangi ya mafuta herufi kubwa ya CH. Dumu la kunywa libaki la kunywa, hata kama siku hiyo halina kitu. Na dumu lililowahi kubeba petroli, dizeli au dawa ya shambani lisiingizwe kabisa kwenye maji ya kunywa, hata lioshwe mara kumi. Lile la njano la mafuta ya kupikia halina tatizo, ila mafuta yaliyoganda kwenye kona zake lazima yatolewe kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa uchafu hupenda kunata hapo.

Chumvi haiui kipindupindu

Tunasikia mara nyingi kwamba maji ya chumvi hayana haja ya kutunzwa sana, "kwani chumvi inaua vijidudu". Watu wanafikiria papa mkavu na ng'onda. Lakini samaki yule hukaa bila kuoza kwa sababu chumvi ni nyingi mno na maji yamekaushwa. Chumvi ya kisimani ni kidogo sana ukilinganisha. Hata bahari yenyewe, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, imejaa vijidudu hai.

Tena bakteria wa kipindupindu, anayeitwa Vibrio cholerae, ana asili ya maji yenye chumvi ya wastani, kama yale ya midomo ya mito, mahali maji baridi yanapokutana na bahari. Watafiti wamekuta dalili zake hata katika midomo ya mito ya Tanzania. Kwa hiyo chumvi kidogo ya kisimani kwako haimuui, na huenda ikamfaa. Kama kisima ni kifupi na choo cha shimo cha jirani kiko hatua chache, chumvi haitakukinga.

Wala hatuzungumzii ugonjwa wa mbali. Mwaka 1997 Tanzania ilipata wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walifariki. Agosti 2015 mlipuko mwingine ulianzia hapa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni, kisha ukaenea karibu nchi nzima. Mtu mzima mwenye afya asubuhi anaweza kuwa amelegea kabisa jioni kwa kupoteza maji mwilini. Mtoto hana hata huo muda.

Kinachoteleza ni nini?

Ute ule ndani ya dumu ni mji wa vijidudu. Bakteria wachache hunata kwenye plastiki, huzaana, kisha hutoa majimaji mazito kama ya bamia ambayo huwafunika. Humo ndani wanajificha wao na wageni wao. Ukitia dawa ya klorini juu ya ute huo, klorini inapigana na utando wa juu mpaka inaisha nguvu, na wale wa chini wanabaki salama. Ndiyo maana tunasisitiza kusugua kwanza, dawa baadaye. Ukigeuza utaratibu huo umeharibu dawa.

Rangi ya kijani ni habari nyingine. Huo ni mwani, nao unahitaji mwanga. Dumu jeupe linalopitisha mwanga, likikaa juani, litakuwa la kijani baada ya siku chache. Simtank huwa nyeusi kwa sababu hiyo. Mwani wenyewe kwa kawaida si sumu, ila hulisha ute na kuyapa maji harufu ya dimbwi. Hamishia dumu kivulini.

Na ule ukoko mweupe, mgumu kama wa birika, ni madini ya maji magumu ya kisima. Hauleti ugonjwa, lakini unafanya ukuta wa chombo uwe na mikwaruzo na vishimo ambamo ute hushikilia vizuri.

Jinsi ya kuosha

Ndoo ni kazi nyepesi. Dodoki au brashi, sabuni ya unga au ya kipande, sugua chini, pembeni, na hasa kwenye mzingo wa juu ambapo kifuniko kinakaa. Maji ya chumvi hayatoi povu vizuri, kwa hiyo ukiweza tumia maji baridi kidogo kwa kusugulia. Suuza mpaka harufu ya sabuni iishe.

Dumu ndilo linalotushinda, maana mkono hauingii. Wafanyakazi wa kambi za wakimbizi wana njia yao nayo ni nzuri. Tia ndani konzi mbili za changarawe ndogo zilizooshwa, maji lita moja hivi na sabuni. Funga, kisha tikisa kwa nguvu kila upande kwa dakika kadhaa, ukiligeuza kichwa chini na kulilaza ubavu. Kazi hiyo wape vijana. Wakipiga ngoma nalo pia ni sawa. Mwaga, suuza, chungulia kwa tochi. Kama bado kuna kijani kwenye kona za mpini, rudia. Usitumie kokoto kubwa zenye ncha, kwa kuwa zinachana plastiki, na mchano ni nyumba mpya ya ute. Dumu lililochakaa, lenye mikwaruzo mingi na lisilotakata, lipunguzie cheo. Liwe la kudekia.

Baada ya kusugua ndipo dawa inafuata. Chukua dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kama Jik, ya kawaida isiyo na manukato wala rangi. Kama lebo inaonyesha nguvu ya asilimia 3.5, tia vijiko viwili vya chai katika lita moja ya maji. Kama ni asilimia 5 au zaidi, kijiko kimoja kinatosha. Mimina ndani ya dumu, funga, tikisa ili kila sehemu ilowe, pamoja na kifuniko. Subiri nusu dakika au zaidi kidogo. Mwaga, suuza kwa maji salama, kisha ligeuze kichwa chini likauke. Kukauka kabisa ni sehemu ya dawa, kwani ute hauoti mahali pakavu. Chupa ya Jik ikikaa juani au ikipitwa na tarehe, nguvu yake hupungua, hata kama bado inanuka.

Kwa ukoko mweupe, siki au maji ya ndimu yanasaidia. Paka kwenye plastiki, acha saa moja, sugua. Lakini hapa tunaomba usome pole pole: siki au ndimu isikutane kamwe na Jik ndani ya chombo kimoja. Vikichanganyika hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu. Vivyo hivyo kwa dawa za kusafishia choo. Maliza na siki, suuza sana, ndipo ufikirie klorini. Wala usitumie siki kwenye tangi la saruji au la bati, kwa kuwa asidi hula vyote viwili. Pipa la chuma lililoanza kutu kwa maji ya chumvi halirudi, liachie ujenzi.

Mara ngapi? Chombo cha maji ya kunywa kila wiki. Vya maji ya chumvi navyo kila wiki, kwa sababu tutakayoieleza hivi punde. Simtank angalau mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya maji yenye tope kuingia. Wapo wanaosubiri mpaka maji yanuke, na hapo familia imeshakunywa wiki kadhaa.

Kwa simtank, mwaga maji, toa tope la chini, sugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu. Jaza maji tena na utie klorini. Tangi la lita 1,000 linahitaji kama lita moja na nusu ya Jik ya asilimia 3.5. Acha saa 24. Fungua koki zote kidogo ili dawa ipite kwenye mabomba pia. Kisha mwaga yote, usiyanywe wala usimwagilie mchicha. Jaza upya. Mtu asiingie peke yake ndani ya tangi la chini ya ardhi. Hewa humo inaweza kuwa haitoshi, na anayefuata kumwokoa huanguka juu yake. Na kifuniko cha tangi la chini kiwe kizito, kwa ajili ya watoto.

Mbu anayependa maji masafi

Sababu ya kusugua hata chombo cha maji ya chumvi ni mbu wa dengue, Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Yeye hapendi mtaro mchafu. Anapenda pipa lako. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hunata. Ukimwaga maji tu, mayai yanabaki yameshikilia, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri ujaze tena. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au zaidi kidogo. Ukisugua kuta kila wiki unamkatiza kabla hajapata mabawa. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo hayamzuii kuzaliana.

Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Huo wa 2019 ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao wa jiji letu. Tena Tanzania ina historia ya zamani na mbu huyu. Mwaka 1952 na 1953, kule uwanda wa Makonde, watu waliugua homa iliyowakunja viungo wasiweze kusimama wima. Wamakonde wakaipa jina, na jina hilo sasa limezunguka dunia nzima: chikungunya. Madaktari Robinson na Lumsden, waliochunguza na kuandika mwaka 1955, waliona kwamba uwanda ule hauna maji karibu, hivyo watu walilazimika kuhifadhi maji ndani ya nyumba, na mbu walizaliana katika vyombo hivyo. Korido zetu za Mbagala leo zina tofauti gani na mitungi ile? Plastiki tu.

Ndoo ya kunywea

Chombo kikishakuwa safi, kinachokirudisha uchafuni ni mkono. Kikombe kinazamishwa, na vidole vinne vinaingia nacho. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, baadhi ya familia zilipewa ndoo zenye kifuniko kisichotoka na mdomo wa kumiminia, nyingine zikaendelea na ndoo za kawaida. Katika nyumba zenye ndoo zile mpya, watoto wa chini ya miaka mitano walipungukiwa kuhara kwa asilimia 31. Maji yalikuwa ya kisima kile kile.

Fundi wa mtaani anaweza kutoboa ndoo yenye mfuniko na kufunga koki ya plastiki, sentimita chache juu ya kitako ili tope lisitoke. Koki nayo ifunguliwe na kusuguliwa. Ni mahali pa kwanza ute unapojificha. Kama huna koki, tumia kata yenye mpini mrefu, itundikwe msumarini, isilazwe juu ya kifuniko. Kifuniko cha dumu kikipotea, tafuta kingine sokoni. Gunzi la mahindi au kitambaa kilichokunjwa si kifuniko.

Wanaochuja maji kwa kitambaa wasidharauliwe. Huko Bangladesh, Rita Colwell na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba nguo kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa ilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu hunasa wadudu wadogo wa majini ambao bakteria huwapanda. Kitambaa kifuliwe kila mara na kukaushwa juani. Ila kuchuja ni hatua ya kwanza tu. Baada yake chemsha, au tia WaterGuard kwa kipimo cha kwenye lebo na usubiri nusu saa.

Jambo la mwisho, nalo ni la mtoto anayeharisha. Kuchemsha hakuondoi chumvi ya kisima. Maji yakipungua jikoni, chumvi inazidi. WaterGuard pia haiondoi. Dawa ya ORS ina chumvi iliyopimwa kwa usahihi. Ukiichanganya na maji ya kisima yenye chumvi, unamzidishia mtoto chumvi wakati mwili wake umekauka, na hilo linaweza kumdhuru sana. Maji ya ORS, na ya uji wa mtoto mchanga, yatoke kwenye ndoo ya maji baridi. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji hayo, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe na kichuguu. Mpe kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe, jagi lisuguliwe kabla ya kuchanganya jingine.